Operesheni ya kupunguza kongomeo hapa Kisumu: nyota nne, ya tano nimewanyima

Haya basi. Nimeulizwa hii kitu na watu wengi mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti, zingine zinaingia saa nane usiku, kwa hivyo acha niandike yote hapa mara moja, mwenye kusoma asome. Ndio, nilipunguza kongomeo, ile nundu ya mbele ya koo. Ndio, ni hapa hapa Kisumu, sikupanda ndege kwenda Bangkok. Sauti yangu ni ile ile. Jina la kliniki siandiki, daktari mwenyewe aliniomba nisimweke mtandaoni maana hataki watu wa kelele wajazane kwa geti yake, na pia kuna mahali nitawalalamikia huko chini, basi tuachane na majina tuongelee kazi.

Kwa wale hamnijui, mimi ni dada transi, yaani mwanamke aliyezaliwa akaandikwa mvulana, nasuka nywele Kondele, na kazi ya saluni ni mdomo. Mteja wa rasta ndogo ndogo anakaa hapo asubuhi mpaka jioni, ukinyamaza anadhani umemnunia. Ndio maana nilipoanza kufikiria hii operesheni kitu kilikuwa kinaninyima usingizi ni kama nitaamka na sauti, mambo ya sura yalikuja baadaye. Homoni zilishanisaidia ngozi na vitu vingine, lakini kongomeo homoni hazigusi. Likishakua wakati wa kubalehe kwa nguvu ya testosteroni limekua, estrojeni hairudishi nyuma, hata sauti hairudishi, na mtu akikuuzia vidonge vya kuyeyusha kongomeo jua anakula pesa yako. Langu lilikuwa kubwa na lina ncha. Nikimeza mate unaliona likipanda na kushuka kutoka ng'ambo ya barabara. Miaka yote hio nimevaa skafu, na Kisumu mnaijua, mchana wa Februari hata shati ni mzigo, mimi niko chini ya bati, draya mbili zinapuliza, na skafu juu. Nilijaribu pauda ya kuchora kivuli, nikajaribu zile choka pana za kubana shingo, kwa picha ya mbele inasaidia, ukigeuza shingo tu mchezo umeisha.

Mahali pa kwanza nilienda kuuliza ni Nakuru. Kuna kliniki ya urembo, wale wa kuchoma vinyweleo na leza na kujaza midomo, walikuwa wanatangaza Facebook eti hata hii wanafanya. Nikapanda matatu, Ahero, Kericho, Londiani, Mau Summit, Salgaa, mgongo wote umekufa. Wakaniweka kwa kiti kizuri wakanipa maji baridi, hapo nawapongeza. Yule aliyenihudumia, ambaye hakuwahi kusema yeye ni daktari wa nini, alinishika koo na vidole viwili akasema hio ni kazi ya nusu saa, tunakupiga sindano ya ganzi hapo hapo kwa kiti, tunatoa yote shingo inabaki flati kabisa, jioni unapanda gari unarudi kwenu. Hakuuliza kitu kuhusu sauti. Hakuuliza kama ngozi yangu inatoa keloidi, yale makovu yanayovimba na kuinuka. Nikamuuliza utajuaje nyuzi za sauti zimeshikilia wapi, akacheka akasema "anti, wewe umesoma sana." Bei yao ilikuwa kama nusu ya ile nilikuja kulipa. Nikasema asanteni nitawapigia, na nikiwa kwa matatu ya kurudi nikatafuta jina lake kwa rejista ya KMPDC, ile baraza ya madaktari, iko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona kama mtu ana leseni na kama ni spesho wa kitu gani. Sikumpata. Lakini hata ningempata singerudi, kile kilinifukuza pale ni hilo neno lake "yote".

Acha nieleze, maana hapa ndio penye uzito na watu wengi wanaparuka. Kongomeo ni sehemu ya mbele ya gegedu kubwa la koo (gegedu ni ile kitu ngumu inayopindika kama ya sikio), linaitwa gegedu la thairoidi, na hapana, si ile tezi ya goita, hio inakaa chini yake, ni majina tu yamefanana. Chukua kitabu, kifungue nusu, kisimamishe wima mgongo wake ukiangalia mbele. Huo mgongo ndio kongomeo. Kila mtu analo. Kwa wanaume wengi kitabu kimebanwa zaidi, pembe yake ni kama digrii 90, ndio maana kinachomoza, na kwa wanawake kimefunguka zaidi, kama digrii 120, shingo inaonekana laini. Sasa, nyuzi za sauti zimeshikilia kwa ndani ya huo mgongo, karibu katikati ukipima kutoka juu kwenda chini. Ile sehemu iko juu ya hapo ndio huwa inachomoza zaidi na ndio daktari ana ruhusa ya kupunguza. Akishuka mpaka pale nyuzi zimeshikilia, zinalegea, na sauti inashuka na kuanza kukwaruza. Yaani wewe dada umeenda kupunguza kongomeo unarudi na besi. Na kurekebisha hio ni operesheni ingine ngumu kuliko ya kwanza, na hakuna wa kukuahidi itarudi vile ilikuwa.

Kwa hivyo mtu akikwambia anatoa yote, ama hajui kuna nini nyuma ya hilo gegedu ama anajua na hajali.

Na hii si kitu ya kubahatisha, iko kwa vitabu miaka mingi. Wolfort na Parry, madaktari wa Marekani, waliiandika kwa jarida la wapasuaji wa plastiki mwaka 1975. Halafu mwaka 2008 Spiegel na Rodriguez wakaandika namna ya kufanya ukiwa umelala kabisa: kamera nyembamba inayojikunja inaingizwa mpaka kooni, daktari anapitisha sindano kutoka nje kupitia gegedu, kamera inaangalia ndani ile sindano imetokea wapi, na kwa hio njia anajua kabisa nyuzi ziko kimo gani. Hapo anaweka alama. Chini ya hio alama hakuna kugusa. Mambo haya nilikuwa nasoma wateja wakikauka chini ya draya, na nikajiambia daktari yeyote nitakayemwona swali la kwanza ni moja tu, unatumia kamera?

Huyu wa Kisumu nilimpata kupitia rafiki. Ni mpasuaji wa masikio, pua na koo, mzee wa makamo, mpole, anakuita "nyathina" hata kama una mvi. Niliuliza swali langu la kamera kabla sijakaa vizuri. Akasema, "Nyathina, bila kamera mimi siwezi kukushika." Halafu akaniambia kitu sikutarajia, kwamba kazi nyingi anayofanya hapo kwa koo ni goita, saratani na watoto wamemeza sarafu, hii ya kupunguza kongomeo hajafanya nyingi sana, lakini gegedu lenyewe analijua kwa sababu hulifikia kila mara kwa operesheni zingine. Kuna watu wangetoroka hapo. Mimi nilimwamini zaidi, maana aliyenidanganya Nakuru alisema amefanya mamia.

Ile siku ya kwanza haikuwa ya maneno tu. Alinipulizia dawa ya ganzi puani, ina uchungu mbaya unateremka mpaka kooni, kisha akaingiza kamera kupitia pua na nikaona nyuzi zangu za sauti kwa skrini, nyeupe mbili, zinafunguka na kufungana nikisema iii. Wueh. Sijawahi kujiona hivyo. Akanifanya nisome kipande cha gazeti kwa sauti akarekodi kwa simu, ndio baadaye tukilinganisha kusiwe na mabishano. Akakagua masikio yangu, nikashangaa masikio yanahusiana aje, kumbe anatafuta keloidi pale nimetoboa. Na akaipata moja ndogo huku juu. Hapo tukakaa tukaongea muda mrefu, kwa sababu ngozi yetu nyeusi iko na hio tabia, na shingoni ni mahali pa wazi, unaweza kutoa kongomeo ukabaki na kamba ya kovu ambayo inaonekana kuliko kongomeo lenyewe. Akaniambia atakata juu, kwa mkunjo ulio chini ya kidevu, mahali kivuli cha taya kinafunika, si pale juu ya kongomeo lenyewe. Sababu ingine ya kukata mbali ni kwamba kovu likiwa juu ya gegedu huwa linaweza kunata chini, kila ukimeza ngozi inavutwa. Kuna njia ingine mpya ya kupitia ndani ya mdomo, nyuma ya mdomo wa chini, haiachi kovu nje kabisa, lakini yeye haifanyi na alisema hivyo waziwazi.

Halafu akasema: "Nitakuachia kidogo. Ukikuja kunung'unika nimekuachia, hio nitaivumilia. Ukikuja huna sauti, hio siwezi kuvumilia." Hio sentensi ndio nililipia, mkitaka kujua ukweli.

Tukiongea malipo sasa. SHA, ile bima ya afya ya serikali, isahau. Risepsheni waliniambia mapema haya ni mambo ya urembo, unalipa mfukoni, hata bima ya kazini ya rafiki yangu ilikataa. Jumla yangu ilikaribia laki mbili na nusu. Kitu cha kujua ni kwamba hospitali za kibinafsi huku hawakupi bei moja: kuna pesa ya mpasuaji, kuna pesa ya daktari wa nusukaputi, kuna ya chumba cha upasuaji, kuna vipimo vya damu, kuna dawa na vifaa, na kitanda kama utalala. Mwanzoni nilitajiwa ya mpasuaji peke yake nikafurahi mapema. Omba karatasi yenye kila kitu kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza, na uliza kama kumuona tena baada ya operesheni ni bure, kwangu ilikuwa bure mara ya kwanza tu, zilizofuata nililipa. Mimi nilichanga pole pole, chama kikanisongezea zamu, na daktari akakubali yake nilipe mara mbili kwa M-Pesa. Hio ilikuwa uungwana.

Maandalizi hayana mengi. Wiki kadhaa bila sigara (mimi sivuti, lakini shisha ya wikendi pia inahesabiwa, msijidanganye), hakuna aspirini wala dawa za maumivu za kufanya damu iwe nyepesi, na mwambie kila dawa unayotumia hata homoni, hata ya kienyeji. Daktari wa nusukaputi ndiye aliniuliza zaidi kuhusu homoni, kwa sababu ya damu kuganda, aliuliza kama vile mtu anauliza umekula nini, bila kukunja uso. Nilipenda.

Sasa asubuhi yenyewe. Nimefika na mdogo wangu, tumbo tupu, naogopa, na pale risepsheni msichana ameshika kitambulisho changu anaita lile jina la zamani, yote matatu, kwa sauti ya stendi ya matatu, chumba kimejaa akina mama na watoto. Mara ya kwanza sikusimama. Akaita tena. Nilishaandika kwa fomu jina la kuniita, liko pale juu kabisa. Mdogo wangu ndiye alienda akamnong'oneza, na huyo msichana badala ya kunyamaza akauliza kwa nguvu, "kwani huyu ni nani?" Niko karibu kuondoka. Sista mmoja, mama mzima wa miwani, akatoka akanishika mkono akaniita kwa jina langu, tukaingia ndani, na nikasikia nyuma yangu akimwambia yule msichana maneno ya Kijaluo ambayo sitayaandika hapa. Tangu 2014 mahakama iliamua kesi ya dada transi Audrey Mbugua na KNEC, baraza la mitihani, kuhusu jina kwa cheti chake cha shule, na bado sisi wengine tunaitwa hivi kwa foleni. Najua kitambulisho ni kitambulisho, faili lazima lifanane. Lakini fomu yenu ina hio nafasi ya jina, si muisome?

Operesheni mimi sikuiona, nilikuwa nimelala, nitawaambia nilichoambiwa. Ilichukua kama saa moja. Mkato wa kama sentimita tatu. Misuli ya mbele ya shingo haikatwi, inatenganishwa katikati inavutwa kando, gegedu linaonekana, ile ngozi yake nyembamba inainuliwa, sindano inapita, kamera inaangalia, alama, kisha anapunguza. Kwa mtu mdogo sana gegedu ni laini kisu kinatosha, lakini kadri miaka inasonga linakauka kuwa mfupa, na langu lilikuwa limeanza, kwa hivyo alimalizia na kile kidrili kidogo cha kusaga. Misuli inarudishwa, inashonwa, ngozi inashonwa na nyuzi za ndani zinazoyeyuka. Nilipoamka jambo la kwanza nilitaka kusema kitu, na sista akaniwekea kidole mdomoni.

Kunyamaza ndio sehemu ngumu. Siku za mwanzo hakuna kuongea, hata kunong'ona, kunong'ona ndio mbaya zaidi alisema, inakaza nyuzi bure. Mimi msusi! Nilikuwa naandika kwa simu, nikikasirika naandika kwa herufi kubwa. Kumeza kulikuwa na maumivu kama ya tonsili, si ya kulia lakini ya kukufanya ufikirie kabla ya kila tonge. Uji wa wimbi uliopoa, viazi vya kuponda, supu ya mbuta iliyochujwa miba, yai laini. Ugali niliuaga kwa muda, na omena hata usifikirie. Unalala umeinua kichwa na mito. Usinyanyue ndoo. Shingo ilivimba ikawa nene kuliko kabla, na hapa nawaambia mapema ndio msilie: wiki ya kwanza utajiangalia kwa kioo uone kongomeo liko pale pale, hata kubwa, ni uvimbe. Sauti ilikuwa inakwaruza, inapotea jioni, inarudi asubuhi. Iliisha yenyewe. Pale chini ya kidevu palikuwa pamekufa ganzi miezi, nikishika ni kama nashika mtu mwingine.

Na kuhusu sauti, kwa wale wanauliza kila mara: hii operesheni haifanyi sauti iwe nyembamba. Haigusi nyuzi, na ikizigusa ni ajali. Kama unataka sauti ipande kuna mazoezi na mtaalamu wa sauti, na kuna operesheni zingine tofauti kabisa, kuna ile ya kushona nyuzi kwa mbele zibaki fupi, kuna ile ya kusogeza magegedu mawili karibu zikazwe. Hizo sikuzifanya na sitazipa nyota. Yangu niliifundisha mwenyewe miaka, kwa kuongea na wateja, na ndio maana niliogopa kuipoteza. Tulirudia kusoma kile kipande cha gazeti baada ya miezi mitatu, daktari akacheza zote mbili, mdogo wangu akashindwa kusema ipi ni ya lini. Hapo nilimpa mzee mkono.

Matokeo. Si flati. Ukiweka kidole unalisikia, na nikitazama juu sana, ile ya kufuta buibui kwa dari, kuna kimlima kidogo. Nikiwa kawaida, nikiongea, nikicheka, nikikunywa soda, hakuna kitu. Ile ncha imeenda. Kuna rafiki yangu wa Nakuru aliniangalia akasema "si angetoa tu yote," nikamwambia hicho kidogo unachoona ndicho kinashikilia mdomo wangu wote huu. Skafu nimegawa, zingine nimefunga nazo nywele za wateja. Kuhusu wanaume wa tuktuk kuniangalia shingo halafu uso halafu shingo, bado wananiangalia, lakini sasa ni kwa ule ushenzi wa kawaida ambao kila dada wa Kisumu anaupata.

Kovu lilinisumbua kidogo. Karibu mwezi wa pili upande mmoja ulianza kuinuka, mgumu, unawasha, nikajua ni ile damu yetu ya keloidi. Alinidunga steroidi hapo hapo kwenye kovu, sindano ndogo inauma kuliko operesheni yote, nikarudi tena akadunga tena, na jeli ya silikoni kila usiku. Ile plasta ya silikoni msinunue kama mnaishi huku, jasho linaibandua kabla ya saa nne asubuhi, jeli inatosha. Pia lifunike lisipigwe na jua, kovu changa likichomwa na jua linakuwa jeusi. Sasa limelala, ni mstari, unaingia kwa mkunjo, mteja aliniambia alidhani ni alama ya kulalia mto. Kama wewe una keloidi kubwa kubwa, kifuani au nyuma ya masikio, ongea na daktari sana kabla, na kama anakwambia "hakuna shida" bila hata kuziangalia basi huyo ni ndugu wa yule wa Nakuru.

Nyota niliyowanyima. Nusu ni ya risepsheni, nimeshasema. Nusu ingine ni ya simu. Ukitoka wanakupa karatasi, imeandikwa vizuri, ukiona shingo inavimba haraka, inakuwa ngumu, ukishindwa kupumua au damu inatoka, piga hii namba saa yoyote. Maana damu ikijikusanya ndani ya shingo inaweza kubana njia ya hewa, hio ndio hatari kubwa ya operesheni hii na wao wenyewe wamesema. Sawa. Usiku wa pili nikahisi shingo imekaza, pengine ni woga, siwezi kuongea, mdogo wangu anapiga hio namba, imezimwa. Anapiga tena, imezimwa. Ya daktari mwenyewe hatukuwa nayo. Tukachukua boda tukaenda hospitali ya karibu, kijana wa zamu akaweka taa, akashika, akasema ni uvimbe wa kawaida, hakuna damu, rudi ulale. Nilirudi. Asubuhi sista wa miwani akapiga akaomba msamaha, eti simu ya zamu ilikuwa imeisha chaji. Simu ya dharura! Nilimwambia mzee nikienda kutolewa bandeji, kwa maandishi, kwa herufi kubwa, na siku hizi nasikia wanawapa wagonjwa namba mbili. Nikithibitisha nitabadilisha nyota.

Wanaotoka mbali, Busia, Kakamega, Siaya, Bungoma, wengi mmeniuliza kama unaweza kufanyiwa asubuhi urudi nyumbani jioni. Kwa karatasi inawezekana, wanakuruhusu siku hio hio ukiwa sawa. Mimi nasema lipia kitanda usiku mmoja, ama lala kwa mtu Kisumu, karibu na hospitali yenye watu macho usiku, na uwe na mtu wa kukuongelea kwa sababu wewe hutaongea. Mkikosa mahali, saluni iko na chumba nyuma, godoro lipo, mje na shuka zenu.